Mstari wa Mwezi wa Aban

Kila mwisho wa mwaka, hapa Tehran, magazeti hutoa toleo nene la matukio ya miezi kumi na miwili, kisha hayatoki tena mpaka sikukuu ya mwaka mpya iishe. Watu hukaa nalo nyumbani wakalisoma mpaka matangazo ya vifo. Mwaka ule kazi ya kuliandaa nilipewa mimi, Mahrokh, mwenye mdomo na mkosi.

Gazeti letu lilikuwa limeshafungwa mara mbili mwaka huohuo. Serikali ikilifunga, tunaomba kibali kwa jina jipya, tunarudi walewale, viti vilevile vibovu.

Bi Touba alinifuata ofisini. Mwanawe Kiumars, ripota wetu, alikamatwa mwezi wa Aban, wa nane katika kalenda yetu, akitoka kununua mkate. Hakuna gazeti lililothubutu kumtaja, na kila mama yake akienda gerezani hujibiwa, "Huyo hatumjui."

"Mstari mmoja tu, mwanangu," alinisihi. "Nikiwaonyesha jina lake gazetini, watamkana vipi?"

"Nitaliandika, mama. Naapa kwa roho ya marehemu baba."

Nikaliandika. Bwana Sarmadi, mhariri wetu, alisoma akavua miwani.

"Mahrokh, unataka kutuzika?"

"Huyu si mwenzetu, bwana? Si ulikuwa ukila naye sahani moja?"

"Watu arobaini wanapata riziki hapa. Futa mwenyewe, mimi mkono unakataa."

"Loo! Wako unakataa, wangu wa kukodi?"

Lakini nilifuta. Niseme kweli, niliogopa. Pengo nikaliziba kwa habari ya bei ya vitunguu kupanda.

Toleo likatoka, kesho yake ofisi ikapigwa kufuli. Kosa letu? Vitunguu! Eti tumewatia wananchi hofu. Nilicheka mpaka nikalia.

Siku ya kwanza ya mwaka mpya, moyo ukinisuta, nilitoka mbio asubuhi kwenda kumwomba radhi Bi Touba, nimevaa koti langu jeusi la kazini. Laiti ningefikiri! Kwetu, asubuhi hiyo, asiye ndugu hagongi mlango wa mtu isipokuwa wa nyumba iliyofiwa mwaka uliokwisha. Huko ndiko watu huanzia, na huenda na nguo nyeusi.

Alifungua akitabasamu. Akaliona koti, tabasamu likamtoka. Gazeti letu lilikuwa mkononi mwake, limekunjwa penye ukurasa wa Aban.

"Nimelisoma mara tatu," alisema. "Vitunguu mmeviandika. Nikadhani macho yangu yameruka mstari. Kumbe mlijua ameshakufa, mkashindwa kuniambia."

"Hapana, mama! Yu hai!"

"Apa."

Nikafungua huu mdomo wangu mrefu. Yu hai au hayupo, mimi nilijua nini? Na roho ya baba nilikuwa nimeshaiapia uongo.