Mwanamke wa Kumfulia Baba

Siku baba aliporudi kutoka kazini akiwa msafi, mama alipoteza hamu ya chakula. Alisimama mlangoni akamtazama juu mpaka chini: nywele mbichi kwa maji, shati la nyumbani, kucha zisizo na uchafu, na ile ovaroli yake ya buluu haipo. Akamsogelea kama anayetaka kumpokea mkoba, kumbe anamnusa. Sabuni aliyoinusa haikuwa ya nyumba yetu.

Mpaka siku ile baba alikuwa akirudi na kazi yake mwilini. Kule kazini walikuwa wakivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo, ile metali laini na nzito, na vumbi lake la kijivu lilimkaa shingoni, masikioni, hata kwenye kope. Mama alimvua ovaroli uani, akailoweka kwenye beseni, akaifua kwa mikono huku akilalamika kwa raha zake zote. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno matamu. Mapenzi yake yalikuwa kwenye kufua.

"Sasa nguo zinafuliwa kulekule kazini," baba alisema. "Na kuoga tunaoga kulekule. Msimamizi hataki vumbi litoke nje ya geti."

"Anayezifua nani?"

"Mama mmoja."

Baba alikuwa bahili wa maneno, na siku hiyo ubahili ulimponza. Angesema ni bibi kizee, au hana meno ya mbele, hata kama ni uongo, nyumba ingetulia. Lakini alisema "mama mmoja", akavuta kiti, akala. Ile habari ya vumbi mama aliiona ni kisingizio tu. Vumbi amelifua miaka yote, mbona halijamla?

Jirani yetu, ambaye tulitenganishwa naye na ukuta mmoja mwembamba, akaumwagia moto huo petroli. Lisemwalo lipo, alisema, na kama halipo laja. Kisha akainamisha kichwa. "Shoga yangu, mume anayeoga kabla hajafika kwake, anaosha nini?"

Hapo wivu ukapata makao. Mama alimpa yule mfuaji jina, Bi Mapovu, kabla hajamwona hata kivuli, na Bi Mapovu akahamia kwetu. Baba akicheka peke yake, amemkumbuka Bi Mapovu. Akinyamaza, anamwaza Bi Mapovu. Akisifia mboga, Bi Mapovu amemfundisha adabu. Mimi nilikuwa na miaka saba, na wivu wangu ulikuwa wa kuazima: mama aliniambia kuna mtu anatuibia baba, nami nikamchukia kwa moyo wote mtu nisiyemjua.

Mwishowe mama alifunga nguo zake kwenye shuka, akaliweka furushi mlangoni. Ama ovaroli irudi nyumbani, ama yeye arudi kwao. Baba alimweleza tena habari ya vumbi, safari hii kwa sentensi tatu nzima, jambo ambalo kwake lilikuwa hotuba. Mama akamjibu kwamba anayemfulia mume ndiye mke, mwingine ni mpangaji. Baba aliamini heri nusu shari kuliko shari kamili. Kesho yake akaificha ovaroli chini kabisa ya mkoba, akapita nayo getini kama mwizi.

Mama alishinda, na aliusherehekea ushindi wake kwa kufua. Aliianika ovaroli mbele ya nyumba ili jirani aione. Zamani alikuwa akiikung'uta mwenyewe kabla ya kuiloweka, lakini sasa kazi hiyo akanipa mimi, ili nami nijifunze kulinda kilicho chetu. Niliipenda. Niliipiga ukutani kwa hasira zote nilizomwekea Bi Mapovu, vumbi likapanda na kumetameta juani, nami nikacheka humo ndani mdomo wazi.

Haikupita muda mrefu tumbo likaanza kuninyonga. Nikakonda, nikawa mkali kwa kila mtu. Nilikuwa mtoto wa kutumwa vitu vitano dukani nikarudi navyo vyote. Sasa nilifika mbele ya muuzaji nikasimama tu, sijui nimefuata nini. Mama alisema ninadeka. Mwalimu alisema nimekuwa mzembe. Siku nilipoanguka darasani nikitetemeka, hakuna aliyesema kitu tena, nikapelekwa hospitali.

Damu yangu ilipimwa. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliuliza baba anafanya kazi gani, kisha akauliza nguo zake za kazi anazifua nani.

Mama alikaa wima. "Ninazifua mimi mwenyewe," alisema. "Nyumbani kwangu. Hakuna mwanamke mwingine anayezigusa."

Alisema kwa fahari kabisa. Daktari aliweka kalamu chini, akasogeza kiti karibu naye, akaanza kumweleza jinsi risasi inavyoingia mwilini kwa vumbi, na inavyomdhuru mtoto kuliko mtu mzima. Tumbo litapona, alisema, ila kilichoguswa kichwani huenda kisirudi chote. Baba alikuwa ameegemea ukuta. Hakusema "nilikwambia". Nadhani mama angependa aseme.

Niliporuhusiwa kutoka, mama aliitia ovaroli kwenye mfuko, akaufunga barabara, tukaenda moja kwa moja kule kazini. Tukasubiri nje ya geti. Bi Mapovu akaja na glavu zinazofika viwikoni, akashusha barakoa ili atusalimie.

Alikuwa mzuri. Mzuri kweli, wala si wa kubishaniwa, na vishimo mashavuni. Kila alichokiogopa mama kilikuwa kimesimama pale kikitabasamu. Mkono wa mama ulinibana vidole mpaka vikauma.

"Karibu, dada," Bi Mapovu alisema.

Mama alimnyooshea mfuko. "Naomba umfulie mume wangu."

Bi Mapovu aliupokea, akatuomba tusikae pale kwa ajili ya mtoto, akarudi ndani. Mama alibaki akilitazama geti mikono mitupu.

Baba aliendelea kurudi msafi miaka mingi, na wivu wa mama haukuisha, alijifunza tu kuumeza. Mimi nilipona tumbo. Sasa ni mtu mzima mwenye kazi yangu, ila mambo yakizidi matatu hunitoroka. Mama anajua. Akinituma sokoni huniambia anachotaka mara mbili, polepole, na ile mara ya pili haniangalii usoni.