Kelele za Feni Katika Sauti ya Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepiga hodi kwenye matundu ya laptopu yangu, na sauti kutoka ndani ikaniambia nivue viatu.

Nikavua. Mtu akikuambia uvue viatu kwake hubishani naye, hata kama kwake ni upana wa kidole.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Mimi nahariri video za harusi hapa Korogwe, na laptopu yangu ni ya nguvu hasa. Shida ni kwamba ukiipa kazi, feni zake zinaunguruma utadhani mashine ya kusaga. Miezi minne kabla Mama hajafariki niliiweka kitandani kwake, nikamrekodi akisimulia maisha yake. Dakika ya kumi na tisa ngurumo inaanza, na chini ya ngurumo hiyo Mama anasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Ndiyo ya mwisho kwenye rekodi. Dada Mwantumu, mkubwa wetu, anashikilia kwamba ni wasia. Kila Ijumaa ananipigia simu: "Mbelwa, umeshamtoa Mama kwenye kelele?"

Sijamtoa. Kila nikichuja kelele, Mama naye anachujika.

Basi nikaingia. Ndani kuna joto la jikoni kwenye shughuli. Katikati ameketi Mkuu wa Kazi, ule ubongo wa mashine, bonge la mtu, shati limemganda mgongoni, anakula harusi. Wakati huo anatafuna ya Muheza, keki, tarumbeta na yote.

"Shikamoo," namwambia.

"Marahaba. Sema haraka, maharusi wanapoa."

"Fundi wa kompyuta ameniambia nikupunguze nguvu, ili feni zinyamaze."

"Nipunguze," anasema, na kunisogezea sahani.

Nikamwondolea nusu ya chakula. Papo hapo akawa nusu ya mtu, na akaanza kusema polepole. Kati ya neno "karibu" na neno "mgeni" mvua za vuli zilinyesha zikaisha. Nikamrudishia sahani yake, maana kwa mwendo ule ningemsikia Mama nikiwa na wajukuu.

Fundi alisema pia niinue nyuma ya laptopu ipate hewa. Nashika ukingo, nainua, na chumba cha Mama kinainuka nacho. Nimesimama ndani yake. Ni alasiri. Blanketi la kahawia lipo kitandani, redio imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kuna ile harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka magotini. Kila kitu kipo isipokuwa mwenyewe. Godoro limebonyea pale alipokuwa akikaa.

Ukutani kuna swichi imeandikwa KIMYA. Ndiyo niliyoitafuta mwaka mzima. Nikaibonyeza.

Jogoo wa uani akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Redio ikafa. Nikaita "Mama", na jina lenyewe likagoma kutoka. Niliirudisha swichi ile kwa mikono miwili.

"Umeona?" mtu akasema nyuma yangu.

Ni Feni. Ameketi ukingoni mwa kitanda, mapanga yake ameyakunja kifuani, na vumbi la miaka mitatu limemkaa kichwani kama kilemba.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka ninyamaze."

"Nataka maneno ya Mama. Wewe ulikuwepo. Alituambia nini?"

"Aliwaambia kina nani?"

"Sisi, watoto wake."

"Hamkuwepo," anasema Feni. "Wewe ulitoka kwenda uani kupokea simu ya bwana harusi. Alikuwa anauliza kama keki itaonekana vizuri. Ulikaa huko dakika sita."

Ni kweli. Jambo hilo sikuwahi kumwambia Dada. Nilimwacha Mama na mashine, nikaenda kuzungumzia keki.

"Sasa alisema na nani?"

"Na mimi. Tulikuwa wawili. Ulikuwa umeniweka juu ya blanketi, pua zote zimezibwa, nakata roho. Mama yako akachukua pepeo yake ya ukindu akaanza kunipepea. Mgonjwa yule, mkono wenyewe mwembamba kama ubua. Akasema, 'Pole, mwanangu. Huyu Mbelwa hajui kumweka mgeni. Lakini usimchukie, ana kazi nyingi, na akizama kazini hali chakula. Mkiwa huko wawili, unisaidie kumwangalia.'"

Nikakaa chini.

"Na nimemwangalia," anasema Feni. "Ukishinda na njaa mbele yangu, napiga kelele. Sina mdomo mwingine."

Nililia mbele ya feni, wala sikuona haya. Kisha nikamuuliza nimfanyie nini.

"Nifagie. Ila si sasa, huko kwako jua limezama. Mama yako hataki ufagio baada ya magharibi."

Hilo nalijua. Ndilo lililonifanya nisimsafishe miaka yote hiyo: mchana niko harusini, na nikirudi jua limeshazama. Nikamwomba radhi. Akafunua mapanga yake, akaanza kuzunguka taratibu, na upepo wake ukanisukuma mpaka kitandani kwangu.

Nimeamka kumekucha. Nimechukua bisibisi, nikafungua mfuniko wa chini wa laptopu, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu niinunue. Vumbi lilikuwa blanketi la pili. Nikalitoa kwa brashi ya kupakia rangi, kidogo kidogo, na kwenye kitovu cha feni ya kushoto kulikuwa kumejisokota uzi mmoja wa ukindu, wa rangi ya zambarau, urefu wa ukucha. Mimi napikia gesi. Pepeo haijawahi kuingia nyumbani kwangu.

Nikampigia Dada.

"Umeshamtoa?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Simtoi, Dada. Nakuletea na kelele zake zote. Halafu kuna jambo nilikuficha. Siku ile nilimwacha peke yake."

Nikamweleza lote, simu ya bwana harusi, ndoto, mpaka uzi wa ukindu niliokuwa nao kiganjani. Nilijua atanigombeza, na ningemwacha anigombeze.

Nikamsikia anavuta kamasi.

"Mbelwa," akasema, "umekunywa chai?"