Kiapo cha Nguzoni

Mtu akiapa kwa jina la Kaisari pale nguzoni, ugomvi umekwisha. Ndivyo Roma ilivyokuwa tangu walipouchoma mwili wa Kaisari uwanjani, wakamsimamishia nguzo ya jiwe la manjano na kumfanya mungu wao. Watu wameibiana kuku, wamegombea ukuta, wanakwenda kulishika lile jiwe la manjano, wanaapa, kisha kila mtu anarudi kwake kula. Nani angethubutu kumdanganya mungu ambaye majivu yake bado ya moto?

Hilara alikuwa na ugomvi mmoja tu. Mumewe, Proto, mchukuzi wa ngano huko mtoni, alirudi mapema siku moja akakuta joho la mwanamume limetandazwa kitandani. Lilikuwa la mwoka mikate wa mtaa wa pili, kalileta litiwe kiraka. Viraka ndiyo kazi ya Hilara, mtaa mzima unajua! Lakini mwenye wivu haambiliki. Proto alibeba blanketi lake akahamia kwa kaka yake, na Hilara akabaki analala peke yake, ubavu mmoja baridi. Alimtamani, jamani. Alitamani hata kule kukoroma kwake alikokuwa akikulaani zamani.

Mwishowe Proto alilegea. "Njoo kesho asubuhi nguzoni," alimwambia. "Ukiapa, narudi."

Asubuhi Hilara alijipaka mafuta mazuri, akachukua ubani, akaenda mbio. Kufika uwanjani, nguzo hakuna! Askari walikuwa wanakokota vipande vyake, na mafundi wanapatandika mawe mapya.

"Wakubwa wameamuru ivunjwe," alisema bibi Ampliata, muuza dengu wa pale. "Eti tumezidi kuiabudu. Sasa dengu zangu nitamuuzia nani?"

"Na mimi nitaapia nini, bibi?"

"Apia sufuria yangu, mwanangu. Angalau ina moto."

Siku nyingine Hilara angecheka. Mara akamwona Proto anakuja, blanketi begani. Kalileta, basi yuko tayari kurudi nyumbani! Moyo ulimruka. Proto akapatazama pale palipokuwa na nguzo.

"Ndiyo basi tena," akasema.

"Basi nini? Si mimi huyu nipo?" Hilara akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya chokaa mbichi. "Kwa jina la Kaisari, sijalala na mwanamume mwingine."

"Hiyo sakafu tu, Hilara. Nitajuaje kama ni kweli?"

"Kwani jiwe lingekwambia nini? Ningesema mimi, maneno haya haya."

"Ningeliamini jiwe," Proto akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Bibi Ampliata akainamia sufuria yake. Akakoroga dengu zake.

Hilara akainuka. Hapo ndipo alipoona blanketi limechanika pembeni, na huko kwa shemeji hakuna aliyelishughulikia. Akachomoa sindano aliyokuwa akiichomeka siku zote kwenye nguo kifuani, akalishona palepale begani pa mumewe, karibu hata akaisikia harufu yake, ya vumbi la ngano na jasho. Uzi akaukata kwa meno.

"Haya, nenda," akasema.

"Unanifukuza?"

"Umeniacha kwa ajili ya joho, Proto, na ungerudi kwa ajili ya jiwe. Mimi uliniweka wapi?"

Hilara akageuka akaondoka, tena kwa haraka. Miguu yake aliijua: angesimama kidogo tu, ingemrudisha.