Hodi kwa Watu Tusiowajua

Mjukuu wangu Dinah, anayeniita Kukhu, yaani bibi, alikuwa amebakisha wiki tatu kupata shamba la kumpokea kwa atachimenti, mafunzo ya kazi ya chuo. Asipopata, wenzake wa chuo cha kilimo cha Bukura wangemaliza masomo, yeye abaki nyuma mwaka mzima. Alikuwa ametuma barua pepe kwa wenye mashamba kumi na wawili asiowajua. Kimya.

"Nisomee moja," nikamwambia, nikichambua mrenda.

Akasoma. Mstari wa kwanza tu, ombi.

"Dinah! Unaingia kwa mtu na kutoa shida yako hata hujaketi?"

"Kukhu, watu wana shughuli."

"Na huyu wa Navakholo anafuga nini?"

"Kuku."

"Umemwambia umelea ingokho zangu, kuku hawa wa hapa, tangu darasa la tatu?"

"Hapana." Barua ilikuwa moja kwa wote.

Tukachukua daftari. Kila jina, kazi yake, siku ya kumwandikia, na siku ya kumkumbusha asipojibu. Dinah aliandika, mimi nikasema maneno ya salamu: watoto, mvua, mifugo, kanisa. Hatukuacha kitu. Tukaanza kwa kumtumia yule wa Navakholo.

Kesho yake Bi Muhonja wa Navakholo akajibu: "Asante kwa salamu, mwanangu. Sisi hatujambo, mvua ipo. Ubarikiwe."

Basi.

Dinah alicheka mpaka akashika mbavu. "Kukhu, salamu zako zimejaza ukurasa! Ombi liko chini kabisa, hakulifikia!"

"Kosa langu," nikasema. "Lakini amekuita mwanangu. Wangapi wamekuita hivyo? Mjibu."

"Daftari linasema tungoje wiki."

"Mtu akikukaribisha unangoja wiki mlangoni? Salamu mstari mmoja. Kuku mstari mmoja. Ombi mstari mmoja."

Akatuma. Siku mbili kimya, nami nikamkataza kukata tamaa. Siku ya tatu Bi Muhonja akaandika kwamba nafasi yake imejaa, lakini amemsomea barua jirani yake, Phanuel, mwenye kuku mia nne na hana msaidizi. Dinah aende Alhamisi na fomu ya chuo.

Huyo mama hakuwa na deni lolote kwetu, na bado alitembea hadi kwa jirani.

Dinah akafunga daftari.

"Fungua," nikasema. "Kwanza mshukuru. Kisha tuwaandikie hawa kumi na mmoja, mistari mitatu kila mmoja. Fomu bado haijatiwa sahihi."

"Kukhu, wewe ni mkali!"

"Nani anafuata?"

Akapitisha kidole kwenye orodha. "Wa Chekalini. Anapanda viazi."

"Haya. Muulize viazi vyake vinaendeleaje."