Barua ya Heshima kwa Wenye Gemu

Kosa lilikuwa langu mimi Mihayo, na nalisema mapema ili asije mtu akamsingizia Bernadetta.

Mwaka 1998 nilikuwa na ofisi ya kuchapa barua na kufundisha kompyuta pale Nyakato. Bernadetta, nshomile wetu, yaani msomi wa Kihaya kutoka Kagera, alikuwa mchapaji wangu. Kwenye kompyuta moja kulikuwa na gemu la kampuni ya ng'ambo, watu wawili wanapigana mpaka mmoja alale. Alilichoka. Akajifundisha mwenyewe kulifungua kwa ndani, akaanza kung'oa picha zao na kuweka zake.

Jamani, yule dada ana akili! Kila picha aliichora kwanza kwenye daftari la hesabu, akipaka rangi kiboksi kwa kiboksi. Miaka miwili. Wapiganaji wakawa wacheza ngoma wa vyama vyetu viwili vya jadi, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, na watazamaji wakawa wanahama. Kwetu Usukumani mashindano ya ngoma hayataki refa mwenye filimbi: watu wakihamia kwako, umeshinda. Na aliyeliweka hilo kwenye kompyuta ni Mhaya, sisi wenye ngoma tumekodoa macho. Akaja Clavery, mwalimu wa hesabu, kusaidia. Akaja Selina wa kiwanda cha samaki, na wengine. Kila Jumamosi mchana ofisi ilijaa watu wakipeana disketi.

Baba yangu alikuwa manju, na hakuwahi kuimba wimbo wa mwenzake bila kumtaja kwanza. Basi nikaona ni aibu kampuni isijue. Nikawaandikia barua ya heshima. Niliwashukuru, nikawasalimia na familia zao, nikawakaribisha Bujora mwezi wa sita waje waone ngoma yenyewe. Nikaweka na disketi ndani ya bahasha.

"Kaka Mihayo, una hakika?" Bernadetta aliniuliza.

"Muungwana hujitambulisha," nikamjibu, kifua mbele.

Majibu yalitoka kwa mwanasheria. Hata salamu hakurudisha. Gemu ni mali ya kampuni. Tufute nakala zote ndani ya siku kumi na nne na tutie saini, la sivyo tutashtakiwa.

Jumamosi ile kila mtu alileta disketi zake. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

"Tufiche moja tu," Clavery alisema. "Nani atajua, huku Nyakato?"

"Mimi nitajua, Mwalimu," Bernadetta akasema. "Kinachozitembeza hizi picha ni chao kweli. Sikukitengeneza mimi."

Akafuta moja baada ya nyingine. Alipofikia ya mwisho machozi yalimtoka, akaifuta huku analia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nisamehe, dada. Ni mimi niliyekuponza."

"Ulisalimia watu, ngosha. Tangu lini salamu ikawa kosa?"

Wenzetu wakatoka mmoja mmoja, wakasimama barazani kama watu waliotoka msibani, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kwenda nyumbani. Bernadetta alijifuta uso, akavuta droo, akatoa lile daftari la hesabu.

"Hizi lakini nimechora mwenyewe," akasema.

Akaanza upya kabisa, akiandika kwenye kompyuta amri zake mwenyewe, mstari kwa mstari. Alikosea, akarekebisha, akakosea tena. Saa nzima ikapita. Mwishowe, kwenye kioo cheusi, akatokea mpiga ngoma mmoja wa viboksi vyeupe. Mkono juu. Mkono chini. Basi, hakuna kingine.

Clavery alimwona yule mpiga ngoma kupitia dirisha. Akaingia, akasimama nyuma ya kiti cha Bernadetta. Selina akamfuata. Kisha wakaingia wote, hakuna aliyeitwa, wakajibana upande ule wa chumba mpaka meza ikasogea.

Mimi nikabaki peke yangu upande wa pili, nimeshika barua ya mwanasheria. Nikaiweka chini, nikahama.