Ukulele wa Kitindamimba

Mwalimu wa piano aliujua wimbo ule nje ndani. Ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani ambao haukudumu. Mchezo ukafa, wimbo ukabaki. Bendi za dansi zikauchangamsha, wapigaji wa jazi wakaupunguza mwendo tena, kila mmoja akautia chumvi yake. Yeye mwenyewe aliutolea jasho miaka na miaka, na nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kuugusa.

Mpaka mdogo wake, mfamasia, aliponunua ukulele.

"Kidude hicho cha nyuzi nne?" dada mtu alicheka. "Si cha watoto kuchezea hicho!"

Lakini siku ya kumpongeza baba yao kwa kustaafu, sebule imejaa ndugu na majirani, mzee akasema, "Kitindamimba wangu, hebu tupigie ule wimbo wa dada yako."

Mwalimu alihisi kama aliyeng'olewa jino bila ganzi. Mdogo mtu alipokwenda kunawa mikono, yeye aliuinua ukulele pale kwenye kochi, kama anayeutazama tu, akaulegeza uzi mmoja.

Mdogo akarudi, akaanza. Sauti ikatoka imepinda. Watu wakatazamana. Akaacha, akatega sikio, akaukaza uzi taratibu.

"Mnisamehe jamani, baridi hii," akacheka.

Kisha akaupiga wimbo polepole, hata shangazi aliyekuwa akigombania kiti akanyamaza. Baba akafumba macho. Kwa piano, baba hakuwahi kufumba macho.

Baadaye, jikoni, mdogo aliuliza, "Hivi dada, baridi hulegeza uzi mmoja tu?"

Mwalimu aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Wewe una duka, una mume, una baba," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa na wimbo."

"Na mimi niliujulia wapi? Ulikuwa ukinifukuza chumbani, nami nakaa nyuma ya mlango nakusikiliza wewe."

Wivu haukumtoka mwalimu. Sebuleni baba alikuwa akiita, wimbo urudiwe.

Akafuta mikono, akaenda kufungua piano.

"Anza wewe," alimwambia mdogo wake, bila kumtazama. "Na usikimbie."