Shamba la Koridoni

Kompyuta ya Mradi wa Usajili wa Mashamba ya Milimani iliwashwa kila siku ofisi ilipofunguliwa, na ilikuwa tayari kwa kazi ofisi ilipokaribia kufungwa. Cecilia, karani wake, alibonyeza kitufe, akaufunika mtambo kwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie, kisha akaendelea kufuma kingine. Ofisi nzima ilikuwa imeshapambwa kwa vitambaa vyake. Wenye shida za mashamba walikaa kwenye benchi wakitazama kioo kinavyohesabu. Kilipomaliza, Cecilia alimhudumia mtu mmoja, akazima, akafunga mlango. Kuiacha mashine ikiwaka usiku kucha, Bwana Anselmi, mkuu wa ofisi, alikataa katakata. Alisema umeme hauna mjomba.

Mwanahawa alianza kukaa kwenye benchi lile wakati anapanda maharage, na sasa maharage yalishaliwa. Alitoka milimani na giza, akapita shule ya Kilakala wanafunzi wakifagia uwanja, akafika mjini viatu vikiwa mkononi ili asivichafue njiani. Alichotaka ni kitu kimoja tu: shamba la mama yake liandikwe kabla mwekezaji hajalichukua. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilipata mnunuzi. Viwanda vya bondeni vilikwisha kuuzwa, na wanunuzi sasa walikuwa wameinua macho juu. Mpimaji mmoja alikuwa amechomeka vijiti vyekundu hadi ukingoni mwa kijito cha Mwanahawa, akasema ardhi isiyo na cheti ni ardhi ya wazi.

Shamba lile Mwanahawa alilipata kwa mama yake, na mama kwa bibi, kama ilivyo kwa Waluguru. Ardhi hufuata tumbo la mama, ni mali ya lukolo, yaani ukoo wa kike, na mume hulima kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Baada yake lingekuwa la Pili, binti yake. Lakini mashine iliuliza jina la baba, kisha jina la mume, ikanyamaza. Cecilia alijaribu kuandika jina la mama, mashine ikakataa. Kwa hiyo alilitia shamba pamoja na yale ya wanawake wengine wa aina hiyo katika sehemu aliyoiita Mengineyo.

"Litashughulikiwa, mama."

"Lini, mwanangu?"

"Siku mashine hii ikiwahi kuwaka."

Mwanahawa akarudi kwenye benchi. Alikuwa amechoka kupigwa danadana, na hakuona haya kusema hivyo kwa sauti.

Ndipo akaletwa Yunusi, fundi kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye mkoba wa diski. Alimwamkia Mwanahawa shikamoo, akaisikiliza mashine kwa muda, akacheka.

"Faili za kuwashia zimebanwa mno," alimwambia Bwana Anselmi. "Ni kama robota la mitumba. Aliyefunga alitaka liwe dogo, basi kila asubuhi mashine inakaa kukunjua shati moja moja kabla ya kuanza kazi. Nitazifunga kwa mtindo mwepesi, zifunguke mara moja. Ila robota litanenepa. Nahitaji nafasi kwenye diski."

"Toa visivyo na kazi," alisema Bwana Anselmi.

"Kuna hii sehemu ya Mengineyo. Imejaa kweli."

"Si imeshasema yenyewe ni mengineyo? Toa."

Mwanahawa aliyasikia yote hayo akiwa kwenye benchi. Hakujua kwamba anazungumziwa yeye.

Jioni alipofika nyumbani alimkuta Pili amesimama mlangoni na jembe. Mbele ya nyumba, palipokuwa na shamba, palikuwa na jabali tupu, safi kama sinia lililooshwa.

"Limeondoka mchana, mama," alisema Pili. "Nilikuwa napalilia. Nimebaki na jembe."

"Na kijito?"

"Kimeondoka nalo."

Mwanahawa aliweka viatu chini, akakaa.

Asubuhi alishuka kulalamika, akalikuta shamba koridoni. Lilianzia mlango wa mbele likaishia chooni, likiwa na matuta yake. Migomba iliinamisha majani chini ya dari, magimbi yalikuwa yamestawi kando ya ukuta, na kijito kilipita katikati kikaingia chini ya mlango wa mhasibu, aliyekuwa ndani amekunja suruali. Ukungu wa milimani ulifika nao pia, faili zikaloa. Kaburi la mama yake lilikuwa kando ya mashine ya fotokopi, mawe yote mahali pake. Mwanahawa aliomba dua, akaingia ndani na matope miguuni.

Kompyuta ilikuwa tayari. Sasa iliwaka kabla Cecilia hajakaa vizuri, na watu wa benchi walikuwa wakipokea vyeti huku wakiisifu.

"Nitafutie shamba langu," alisema Mwanahawa.

Cecilia aliandika. Jibu lilikuja papo hapo.

"Halipo, mama."

"Halipo vipi? Umelikanyaga ukija kazini!"

Bwana Anselmi alitoka ofisini kwake, akaruka kijito.

"Mama yangu, tusigombane. Kwa mujibu wa mashine hilo si shamba, ni korido. Na korido ni mali ya mradi. Hata hilo kaburi lilitakiwa liombewe kibali."

"Mmemfukua mama yangu mkamweka kwenye fotokopi, halafu mnaniuliza kibali?" Sauti yake ilipasuka. "Rudisheni! Mlivyolitoa ndivyo mlirudishe!"

Yunusi aliinamisha kichwa. "Naweza kulirudisha, mama. Ila diski itajaa, itabidi nibane kama zamani. Mashine itakuwa inawaka jioni."

Mwanahawa aligeukia benchi alilokaa tangu msimu uliopita, kwa watu aliogawana nao mihogo ya kuchemsha. Kila mmoja alitazama cheti chake. Mzee wa mwisho, ambaye bado hajahudumiwa, alisema kwa upole kwamba yeye anatoka mbali.

Saa hiyohiyo aliingia mtu wa mwekezaji. Alipita kati ya migomba, akapangusa viatu, akataja jabali lile lililo mbele ya nyumba ya Mwanahawa. Cecilia aliandika. Mashine ikaonyesha kwamba eneo ni la wazi, na cheti kikatoka mtu yule akiwa bado anatafuta kiti.

Tangu hapo Mwanahawa hushuka kila asubuhi na Pili, kila mmoja na jembe lake. Kwanza huingia ndani kuuliza.

"Shikamoo, mama," husema Cecilia.

"Marahaba. Lipo leo?"

"Halipo, mama."

Jibu huja upesi kweli, hilo hawezi kulikana. Kisha hutoka koridoni kupalilia na binti yake, wakiangalia udongo usiruke kwenye vitambaa, kwa sababu saa tisa na nusu Bwana Anselmi hufunga mlango na hataki kukuta uchafu.